Barua ya Watu Wanne

Barua nyingi nilizoandika maishani si zangu. Mkono ni wangu, wino ni wangu, na mara nyingine hata karatasi niliitoa mimi. Maneno ni ya bibi aliyekaa mbele yangu na buibui lake, au ya mvuvi wa Nungwi aliyeshuka mjini na samaki wake na hataki kurudi shamba kabla hajamjibu mwanawe aliyeko Maskati. Nilikuwa karani wa posta hapa Unguja. Nilianza baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, Tanzania ilipounda shirika lake la Posta na Simu, na nilikuwamo bado lilipogawanywa mwaka 1994, simu zikaenda kwao na sisi tukabaki na barua. Niliajiriwa kuuza stempu, kupima barua kwenye mizani, kugonga muhuri wa tarehe na kuandika risiti za rejista. Kuwaandikia watu hakukuwamo. Hakuna aliyeniagiza na hakuna aliyenikataza. Mtu alikuja dirishani, akanunua bahasha na stempu, kisha haondoki. Ukimwona amesimama hivyo, na foleni nyuma yake imepungua, unajua.

"Mwanangu, nina maneno mawili matatu."

Maneno mawili matatu hayakupata kuwa chini ya kurasa mbili.

Juzi juzi walinijia wanafunzi wa skuli moja ya mjini. Walikuwa wakijiandaa na mashindano ya kimataifa ya kuandika barua, yale ya Umoja wa Posta Duniani ya watoto wa miaka 9 hadi 15, yaliyoanzishwa mwaka 1971. Mwalimu wao aliwaambia kuna mzee wa posta mstaafu, nendeni mkamuulize barua ilikuwaje. Wakauliza mengi mazuri. Mwisho mmoja akasema: "Babu, ikitolewa stempu mpya ya kusherehekea barua za watu, ichorwe nini?" Wenziwe wakaanza kumjibu wao wenyewe: njiwa mwenye bahasha mdomoni, kalamu na kidau cha wino, sanduku jekundu la posta. Mimi nikasema ichorwe watu wanne: anayesema, anayeandika, anayesoma na anayesomewa.

Yule mtoto akanipinga papo hapo, na nilimpenda kwa hilo. "Lakini Babu, barua ya watu wanne si barua ya mtu binafsi tena."

Sikumjibu vya kutosha siku ile. Jua lilikuwa linazama na wao walikuwa na chuo cha Kurani. Kwa hiyo najibu hapa.

Kwanza niseme kwamba sina ugomvi na picha za stempu tulizokuwa nazo. Nimezishika miaka mingi, na wakusanyaji waliokuja dirishani walinifundisha zile za kabla yangu. Posta ya kwanza hapa ilifunguliwa na serikali ya Waingereza wa India mwaka 1868, ikafungwa, ikafunguliwa tena mwaka 1875, na barua za Unguja zikawa zinasafiri na stempu za India zenye kichwa cha Malkia Victoria. Wafaransa nao walikuwa na posta yao humu mjini kuanzia mwaka 1889 hadi 1904, na Wajerumani wakaweka yao mwaka 1890, wakaiondoa mwaka uliofuata. Mji huu wa vichochoro, ambao mtu anaukata kwa miguu kabla kahawa yake haijapoa, ulikuwa na posta tatu kwa wakati mmoja! Hilo hunionesha jinsi watu wa hapa walivyokuwa na ndugu, wadai na wapenzi ng'ambo ya bahari. Mwaka 1895 neno Zanzibar lilipigwa chapa juu ya stempu za India. Mwaka 1896 zikaja za kwetu, zenye sura ya Seyyid Hamad bin Thuwaini, aliyefariki Agosti ya mwaka huo huo. Baada yake kila Sultan akawa na yake, pamoja na majahazi, na katika seti ya mwaka 1957 yakaingia makarafuu, Msikiti wa Mnara wa Malindi, msikiti wa Dimbani kule Kizimkazi na kasri la Kibweni.

Ila zinazonigusa kuliko zote ni za Januari 1964. Stempu zilizokuwamo ghalani zilikuwa bado na sura ya Sultan Abdulla bin Khalifa, aliyefariki mwaka 1963, na nyingine zilikuwa za uhuru wa Disemba mwaka huo. Siku chache tu baada ya Mapinduzi zikagongwa juu yake JAMHURI 1964, kwa muhuri wa mkono. Hazikusubiri mashine ya chapa. Ukizitazama kwa karibu utaona wino umekolea hapa na kufifia pale, na nyingine maandishi yamekwenda upande. Stempu hizi ndogo zina alama ya mtu aliyekaa mezani na muhuri na kidau, akigonga moja baada ya nyingine. Miaka mitatu na kitu baadaye, mwisho wa mwaka 1967, stempu za Zanzibar ziliondolewa na tukaanza kutumia za pamoja za Kenya, Uganda na Tanzania. Lakini mkono ule wa Januari umebaki, na watu wa nchi nyingi wanauhifadhi katika vitabu vyao. Mimi nautaka mkono huo utoke juu ya stempu uingie ndani ya picha yake.

Sasa nirudi kwa watu wanne.

Anayesema barua hasemi kama anavyoandika aliyesoma. Husema "mwambie". "Mwambie mamake hajambo ila mguu. Mwambie mvua imekula paa la jikoni. Mwambie nguo zatosha, sasa atume pesa." Mwandishi ndiye anayegeuza: mguu wangu, paa letu, nakuomba. Hapo ndipo pana kazi, kwa sababu ukigeuza sana unamuua msemaji. Nilipokuwa mgeni wa kazi niliwatia watu maneno niliyoyazoea ofisini, "nachukua fursa hii kukuarifu", mpaka bibi mmoja wa Mkunazini akaniambia nimsomee nilichoandika. Nikamsomea. Akanyamaza kidogo, akasema: "Mwanangu, usinitie maneno ya serikali. Akisoma hivi atadhani nimekufa na wewe ndiye unayemwandikia." Tangu siku hiyo nikaandika kama mtu anavyosema, na "we mtoto we" zake, na kurudia kwake, na ile "basi" yake anayoiweka katikati ya sentensi bila sababu ninayoijua mimi. Sababu anaijua mwanawe.

Ila mwanzo wa barua hawakutaka uguswe. Mwanzo una adabu yake: salamu, kisha sisi huku hatujambo sote, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali nasi, kisha ama baada ya salamu. Hapo tu ndipo penye habari. Nimepata kuwasikia vijana wakisema huo ni upotezaji wa karatasi. Nawaambia mtu aliyeko Dubai au Portsmouth, amekaa chumba kimoja na wenzake sita, anapofungua bahasha na moyo unamdunda, neno la kwanza analolihitaji ni kwamba hakuna aliyekufa. Adabu ile ilimpa hilo kabla ya kitu kingine chochote.

Na mwisho zinakuja salamu za waliomo nyumbani, kwa majina. Hapa mwandishi hana haki ya kufupisha. Shangazi asipotajwa, majibu yakija bila jina lake, nyumba itakuwa na maneno mwezi mzima. Kwa hiyo tulihesabu pamoja, msemaji akikunja vidole, na mara kwa mara akiwa amefika mlangoni alirudi: "Na wa Chwaka hatujamtia!" Nikafungua bahasha. Kisha neno la kufungia, "wakatabahu", jina lake, na chini yake, hata kwa herufi ndogo, sikutia langu.

Kulikuwa na nyakati ambapo msemaji alinyamaza. Katika kuandikia watu, hapo ndipo pagumu kuliko pote. Hutakiwi kumpa neno. Unaweka kalamu chini, unapanga stempu, unatazama nje, mpaka atakapolipata mwenyewe au atakaposema "basi, hilo liache". Kuna barua zenye nafasi tupu nilizoziacha kwa makusudi, mstari mzima, kwa kuwa aliyesema alinyamaza hapo na niliona anayesomewa anastahili kukijua kimya kile.

Na yote niliyoyasikia sikuyatoa. Katika mji ambao habari hufika barazani kabla ya mwenyewe kufika nyumbani, nilijua nani anadaiwa, nani ameoa tena Arabuni bila mkewe kujua, nani anaumwa ugonjwa asioutaja. Wengi wao bado nakutana nao Darajani tukinunua samaki. Tunaulizana hali kama majirani wengine, na mambo yale yamekwisha pale yalipoandikwa.

Lipo jambo ambalo watu wa nje hawakulielewa, na linaniuma. Waliwaita wazee hawa wasiojua kusoma. Si kweli. Wengi wao walipita chuoni, walisoma Kurani, na wapo walioweza kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu bila taabu yoyote. Watu wa pwani hii wameandikiana hivyo tangu zamani sana. Barua za Kiswahili za kale kuliko zote zinazojulikana ziliandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa herufi hizo, na leo zimehifadhiwa katika nyaraka za Goa. Maandishi ya Kiswahili ya zamani kabisa tuliyonayo ni barua! Kwa hiyo baadhi ya wateja wangu walikuja na karatasi imekwisha kuandikwa, imekunjwa vizuri, na walichokitaka kwangu ni bahasha tu, maana mifuko ya posta ilipangwa kwa herufi za Kirumi. Bahasha ya Oman niliiandika mara mbili: jina la nchi kwa Kirumi ili wenzangu wa Dar es Salaam wasiikosee, na anwani kwa Kiarabu ili tarishi wa kule asiikosee pia. Bibi mmoja aliitazama mikono miwili hiyo imekaa pamoja, wake ndani na wangu nje, akaibusu bahasha, akanipa.

Upande wa pili kuna anayesoma. Barua nyingi za shamba hazikuwa na sanduku la mwenyewe. Zilikuja kwa sanduku la skuli, la duka au la msikiti, "kwa mkono wa" fulani, na mwalimu au mwenye duka akamtuma mtoto kuita. Barua ikafunguliwa barazani na kusomwa kwa sauti. Nilisoma nyingi, pale dirishani na nyumbani kwa watu. Msomaji mzuri hupitisha macho kwanza kabla ya kufungua mdomo. Akiona pana maneno ya mume na mke, hukunja ukurasa, husoma za wote, kisha mke humwita ndani. Akiona pana habari ya msiba, hasomi kabisa. Huirudisha barua kwenye bahasha, husema mwanga hautoshi au miwani ameisahau, na hutuma mtu kimya kimya kuwaita watu wazima wa ukoo. Mpaka wamefika, wamekaa karibu ya mwenye kufiwa, ndipo barua inatoka tena. Sijafundishwa hilo na shirika lolote. Nilimwona mwalimu mmoja wa Makunduchi akifanya hivyo nikiwa kijana, na niliposhika barua ya namna hiyo mkononi mikono yangu ilijua la kufanya.

Hiyo ndiyo barua ya mtu binafsi ninayoijua mimi, mwanangu uliyeniuliza. Mama hakuweza kumfikia mwanawe ila kwa kumkabidhi mtu mwingine ulimi wake, na mwanawe naye, kama hakusoma, alimkabidhi mtu mwingine masikio yake. Ubinafsi wa barua ulilindwa na watu hao wawili wa katikati. Gundi ya bahasha isingetosha.

Kama mtu atasema kuandikiana kwa mkono wa mwingine si jambo la kwetu, ni utaratibu wa posta za Wazungu, nitamkumbusha Sayyida Salme bint Said. Alizaliwa Mtoni mwaka 1844, binti wa Seyyid Said bin Sultan. Wasichana wa jumba lile walifundishwa kusoma tu; kuandika hawakufundishwa. Yeye akajifundisha kwa siri, akinakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1859, ndugu yake Barghash alipotaka kumwondoa Sultan Majid kwenye kiti, wenye njama walihitaji mtu wa kuandika, na akapatikana binti wa miaka kama 15. Barua za mpango ule zilipita mkononi mwake. Mpango ulishindwa, Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akabaki na lawama za nyumba nzima. Mwaka 1866 akaondoka Unguja kwa meli ya Kiingereza, akaishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, na kitabu chake cha kumbukumbu kikachapishwa mwaka 1886. Watu wengi wanakijua hicho. Wachache wanajua kwamba baada ya kufa kwake mwaka 1924 yalikutwa maandishi mengine aliyoyaita barua kwa nyumbani, aliyomwelezea rafiki upweke wake wa ugenini. Nikiyafikiria maisha yake, namwona karani. Aliwaandikia wengine akiwa binti, na utu uzima wake wote akawaandikia watu wa kwao asiowafikia.

Simu za mkononi zilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1990, foleni yangu ilikatika taratibu. Sikulia. Bibi wa Mkunazini, kama angeishi, angemwona mwanawe usoni na kumgombeza kwa sauti yake, bila mimi. Hilo ni jema kubwa na sitalipunguza. Kilichonisikitisha ni kingine, nami nilichelewa kukiona. Zamani aliyeandikia wazee barua hakuwa karani peke yake; kabla ya kuja kwangu walianza na mtoto wa nyumbani aliye skuli. Mtoto akaketi chini na daftari, bibi akasema, mtoto akaandika. Humo ndimo alimojifunza jinsi mtu mzima anavyomsema mtu asiyekuwapo, anavyoomba pesa bila kujidhalilisha, anavyokaripia bila kuvunja, anavyotaja maiti. Kiswahili hicho hakimo kwenye kitabu chochote cha skuli. Mimi mwenyewe nilikipata kwa nyanya yangu, kabla sijajua kwamba siku moja nitakitumia dirishani.

Ndiyo maana wale wanafunzi niliwapa kazi kabla ya mashindano yao. Niliwaambia kila mmoja aende kwa bibi au babu yake, asiseme neno, aandike barua anayoambiwa, aitie stempu na kuipeleka. Wengine hawakurudi. Msichana mmoja alirudi na barua ya bibi yake kwenda kwa dada yake wa Wete, Pemba, kurasa tatu, na swali moja: bibi alicheka katikati, kicheko anakiandikaje? Tulikaa naye muda mrefu juu ya swali hilo. Mwisho aliandika tu kwamba hapa bibi amecheka mpaka ametoa miwani. Dada yule, bila shaka, atakisikia kicheko.

Turudi kwenye stempu yenyewe: stempu ya kusherehekea barua haitakuwa jambo geni duniani. Mkutano mkuu wa Umoja wa Posta uliofanyika Ottawa mwaka 1957 ulianzisha wiki ya kimataifa ya kuandika barua, inayoizunguka tarehe 9 Oktoba, siku umoja huo ulipozaliwa Bern mwaka 1874. Wajapani wametoa stempu za wiki hiyo tangu mwaka 1958. Marekani ilitoa stempu zake za kuandika barua mwaka 1980, zikisema barua huhifadhi kumbukumbu na huinua moyo. Wao wamechora walivyoona kwao, na sisi tuchore tulivyoona kwetu.

Kwa hiyo, kwa atakayeichora: baraza ya mawe, bibi upande wa kulia ametanua mkono kama anayehesabu majina, na mbele yake kijana ameinama juu ya karatasi, msichana akiwezekana. Upande wa pili, bahari katikati, mtu amesimama anasoma na mwingine ameketi anasikiliza. Nyuso zao zisiwe za watu mashuhuri. Karatasi ya bibi iwe na herufi za Kiarabu na bahasha iwe na za Kirumi. Siku ya kwanza igongwe kwa muhuri wa Shangani, kwenye jengo lile lile la posta ya zamani, na igongwe kwa mkono. Na bei yake isiwe ile ya kuwauzia wakusanyaji wa nje. Iwe bei ya barua ya kawaida ya ndani ya nchi, ili msichana wa skuli aweze kuinunua kwa pesa zake na kuibandika kwenye barua ya kwenda Wete.